Hedimasta Anapoongeza Kitanda



Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto ulishika bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, huku kwetu Kieni, Kaunti ya Nyeri. Watoto 21 walikufa. Hawa hawakuwa vijana wa sekondari wenye kuota ndevu, bali watoto wa shule ya msingi, wa umri ule ambao mama bado huuliza kama wamejifunika vizuri. Nyumba ilikuwa na mbao, na wavulana waliolala humo walikuwa zaidi ya 150. Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa ilisema kuwa habari za kwanza zilionyesha bweni lilijaa kupita kanuni za usalama. Zikatangazwa siku tatu za maombolezo, bendera zikapepea nusu mlingoti, wakubwa wakaja na magari yao, wakasema, wakarudi Nairobi.

Tangu siku ile, sokoni Karatina na katika matatu za kwenda Othaya na Nanyuki, watu wamebishana sana juu ya chanzo cha moto. Karatasi hii haiwezi kulijibu neno hilo, wala hatutaki kumhukumu mtu yeyote wa shule ile. Mambo hayo yana mahali pake. Sisi twataka kuuliza swali jingine, dogo kwa kulitazama, nalo lahusu kila shule ya bweni kutoka Murang'a mpaka Meru. Ni nani aamuaye vitanda vingapi viingie katika bweni? Na huamua kwa mizani gani?

Mtu atasema kuwa mizani ipo, nayo ni sheria. Ni kweli. Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama wa shule mwaka 2008, nacho kimeandika mambo wazi ambayo mtu yeyote mwenye futi kamba aweza kuyapima. Kati ya kitanda na kitanda iwe angalau mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Milango iwe mipana ya futi 5, ifunguke kwa nje, mmoja kila mwisho wa nyumba, na mwingine wa hatari katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kanuni hizi hazikutoka hewani. Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 waliteketea bwenini Bombolulu, huko Kwale. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni lenye vyuma madirishani na mlango mmoja uliofungwa. Hata huko Endarasha, katika shule nyingine ya sekondari, wanafunzi wawili walikufa motoni mwaka 2010, miaka miwili baada ya kitabu kutolewa.

Basi upungufu wetu si wa sheria. Baada ya moto wa 2024 Serikali ilifanya ukaguzi, na mwisho wa mwaka ule ikaamuru mabweni ya shule 348 yafungwe. Shule 348! Kila moja ilikuwa na mwalimu mkuu, na kanuni zile za 2008 zilimhusu kila mmoja wao. Haiwezekani kwamba wote walikuwa watu waovu. Yatupasa tujue mtu mwema hupitia njia gani mpaka akafika mahali pale.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, wa hedimasta mwema. Mwovu hana haja ya mizani. Huyo aachiwe polisi. Ni Januari. Bweni lake lilijengwa la watoto 80. Langoni wamesimama wazazi wenye watoto 40 zaidi, na masanduku, na magodoro, na karo mkononi. Baba mmoja ni dereva wa lori. Mama mmoja hukata maua katika shamba la upande wa Nanyuki; hutoka nyumbani kabla ya jua na kurudi usiku, na mtoto wake wa miaka tisa hana wa kumtazama. Hawa si matajiri wanaotaka kujionyesha kwa majirani. Ni sisi wenyewe. Hedimasta awaambie nini?

Mizani ya kwanza ni ya hesabu. Waingereza wawili, Jeremy Bentham na baada yake John Stuart Mill, walifundisha kwamba tendo jema ni lile liletalo heri kubwa zaidi kwa watu wengi zaidi. Hedimasta akishika mizani hii atasema: Watoto 40 watapata masomo, wazazi wao watafanya kazi bila wasiwasi, karo yao italipa deni la unga na mishahara ya wapishi. Na hasara ni nini? Ni kubanana kidogo tu, na baridi ya Kieni ikizidi hata kubanana kwaweza kuitwa faida. Moto huja mara moja katika miaka mingi, na huenda usije kabisa. Basi ataweka vitanda vya juu na chini, ataziba njia ya katikati, na atalala usingizi, maana hesabu imempa haki.

Hii ndiyo mizani ipendwayo na wakubwa wengi wa shule, na hatusemi kuwa ni mizani ya wajinga. Aongozaye mamia ya watu hawezi kuongoza bila kuhesabu. Taabu yake ni kwamba anayehesabu ndiye achaguaye kitu gani kiingie katika hesabu. Karo huingia, maana ina risiti. Matokeo ya mtihani huingia, maana yatapachikwa ukutani na mzazi wa mwakani atayasoma. Lakini hofu ya mtoto alalaye kitanda cha katikati, mbali na milango yote miwili, haina risiti. Tena hatari yenyewe hedimasta huihesabu kwa usiku mmoja, aone ni ndogo, wakati vitanda vile vitakaa pale miaka kumi, usiku baada ya usiku. Bentham mwenyewe, kama angaliona hesabu ya namna hiyo, angalimrudisha mtu yule darasa la kwanza.

Mizani ya pili ni ya Mjerumani Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kupatia kitu kingine. Hapa swali lageuka. Watoto 80 wa kwanza waliletwa na wazazi wao kwa imani kwamba kuna njia ya kutokea. Njia ile si mali ya hedimasta hata aiuze, hata kama faida ni kubwa, hata kama fedha zitakazopatikana zitawanunulia unga wale 80 wenyewe. Mfanya kazi yeyote aliyewahi kuambiwa asimame mbele ya mashine isiyo na kinga kwa faida ya kampuni aielewa mizani hii bila kumsoma Kant.

Lakini mizani hii nayo, ikishikwa na mtu mkavu, humfanya aseme "kanuni ni kanuni," afunge lango, na yule mama wa maua arudi na mtoto wake barabarani. Hedimasta wa namna hii twamjua sana. Ndiye amfukuzaye mtoto katikati ya muhula kwa karo ya shilingi chache, kisha aonyesha barua. Ndiyo maana wako waliosema kuwa haki peke yake haitoshi. Mwalimu mmoja wa Marekani, Nel Noddings, aliandika mwaka 1984 kwamba wema huanza kwa kumsikiliza yule aliye mbele yako mpaka uone haja yake kama aionavyo yeye. Na Robert Starratt, naye wa Marekani, aliyeandika mwaka 1991 juu ya uongozi wa shule hasa, alisema kuwa mkuu wa shule ahitaji mambo matatu pamoja: haki, kuwajali watu, na kuuhoji mpango wenyewe. Yaani aulize: Mpango huu wamfaidi nani? Nani aliukata, na nani hakuitwa ulipokuwa ukikatwa?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo shule zetu zimelisahau, na ndilo ambalo chama cha wafanya kazi hakina budi kulishika. Kwa maana hedimasta wetu wa mfano, hata awe mwema vipi, amepima mizani yake akiwa peke yake ofisini, na labda mwenyekiti wake kwenye simu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Matroni ajua mlango upi hushika mvua ikinyesha na hausukumiki. Askari wa usiku ajua ufunguo wa kufuli uko wapi saa nane za usiku, na itamchukua dakika ngapi kuufikia. Mpishi ajua waya upi wa umeme huwa moto ukiguswa. Hakuna aliyewauliza.

Tazameni sheria yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imegawa viti vya halmashauri ya shule ya umma. Wazazi sita, mtu mmoja wa bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa waalimu, watatu wa mdhamini ambaye mara nyingi ni kanisa, mmoja wa makundi maalum ya jamii, mmoja wa wenye mahitaji maalum, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Someni tena mtafute kiti cha mpishi, au cha matroni, au cha askari. Hakipo. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo mwajiri wetu, ndiyo itupayo mishahara na ndiyo itufukuzayo. Na katika shule za watu binafsi, kama ilivyokuwa ile ya Endarasha, mara nyingi mwenye shule ndiye halmashauri, na hedimasta naye ni mwajiriwa tu kama sisi, atakaye kazi yake isimpotee.

Watu wa mlima huu si wageni wa kuamua mambo ya shule pamoja. Baada ya mabishano na misheni mwaka 1929, wazazi walijenga shule zao wenyewe za kujitegemea, zikaongozwa na kamati za wanakijiji, na nyingi ziliendelea mpaka Serikali ya kikoloni ilipozifunga baada ya kutangaza Hali ya Hatari mwaka 1952. (Kamati zile ziligombana sana, tusijidanganye.) Lakini aliyebeba mawe ya kujengea alikuwa na neno la kusema juu ya nyumba.

Wanafunzi nao hawakuulizwa kwa muda mrefu, na gharama yake twaijua hapa Nyeri kuliko watu wengine. Mei 1999, katika Shule ya Sekondari ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa usiku katika chumba chao cha kulala, wakamwagiwa petroli na kuchomwa na wanafunzi wenzao. Uovu ule ni wa walioutenda, na hakuna theluthi wala robo yake iwezayo kuhamishwa. Hata hivyo yafaa kila mwalimu mkuu ajiulize kiranja ni nani. Katika shule nyingi za siku zile kiranja alichaguliwa na waalimu, akapewa chumba chake, akapewa amri juu ya vijana wa rika lake, na kila ghadhabu iliyomhusu mkuu ikamwangukia yeye kwanza kwa sababu alikuwa karibu. Huko ndiko kumtumia kijana kama chombo. Miaka minane kabla ya hapo, Julai 1991, huko St. Kizito katika Meru, wasichana 19 walikufa usiku ambao wavulana wa shule yao waliwavamia, nao walikuwa wamekataa kuingia katika mgomo. Serikali iliunda kamati ya Bwana Sagini mwaka ule wa 1991, na nyingine ya Bibi Wangai mwaka 2001. Baraza la wanafunzi wa sekondari, lenye viongozi wanaochaguliwa na wanafunzi wenyewe, lilianzishwa mwaka 2009. Ilichukua miaka 18 tangu St. Kizito kwa watoto kupewa sikio. Sisi wa jikoni na langoni bado twangoja.

Sasa tuseme neno lililo gumu kwetu, maana ni rahisi kumpiga hedimasta kwa kalamu. Vitanda vile 40 vya ziada vinatulisha sisi. Mshahara wa mwalimu wa shule ya umma hutoka Tume ya Kuajiri Waalimu. Wa mpishi na matroni hutegemea karo na mgao wa Serikali. Mgao uliotangazwa mwaka 2018 ulikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na kila karani wa shule ajua mara ngapi umefika ukiwa umechelewa au umepungua. Watoto wakipungua, fedha zapungua. Kufunga bweni ni kuzima jiko: matroni hana kazi, askari wa pili hahitajiki, aliyekuwa akipika sufuria nne sasa apika mbili kwa nusu ya siku. Wapo wanachama watakaosema kwamba chama kikae kimya juu ya mabweni, kisije kikawanyang'anya watu mkate kwa mkono wake.

Hatukubali. Chama kilichokataa mtu asimame mbele ya mashine isiyo na kinga hakiwezi kusema kwamba mtoto wa mwanachama alale mbele ya mlango usiofunguka. Bweni lililozidi lipunguzwe, hata kama litapunguza kazi. Lakini hapa pia twauliza swali la Starratt: mzigo wa kurekebisha aubebe nani? Halmashauri iliyoongeza vitanda kwa faida haina ruhusa ya kuviondoa kwa kuwaondoa wafanya kazi usiku mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kuwa kazi zikipunguzwa, chama cha mfanya kazi aliye mwanachama na afisa wa kazi wapewe habari angalau mwezi mmoja kabla, na malipo yake yapo. Mwajiri akija mezani kwa wakati, mengi yaweza kupangwa: basi la asubuhi na jioni kwa watoto wakaao karibu, chakula cha mchana ambacho bado chahitaji mpishi, na mtu wa kukaa na wadogo mpaka mama wa maua arudi. Shule ya kutwa nayo haijiendeshi yenyewe.

Na yule matroni aonaye mlango umefungwa kwa kufuli kutoka nje usiku, afanye nini? Wengi hunong'ona jikoni, wakaishia hapo, kwa kuwa kibarua ni cha miezi mitatu mitatu na hedimasta ndiye atiaye sahihi. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa hofu yenye sababu. Lakini ajue kwamba sheria hiyo hiyo ya 2007, kifungu cha 46, yasema mfanya kazi kumlalamikia mwajiri wake si sababu ya haki ya kumfukuza, isipokuwa malalamiko yawe hayana msingi. Basi malalamiko yawe na msingi. Yaandikwe kwenye karatasi, yawe na tarehe, yatiwe sahihi na watu wawili au watatu si mmoja, nakala moja ibaki kwa katibu wa tawi. Mlango, siku, saa, ni nani aliyeambiwa, na alijibu nini. Maneno ya "usalama haufai hapa" hayamsaidii mtu mahakamani.

Kwa hedimasta asomaye karatasi hii, maana twajua huwafikia, tuna ombi moja. Kabla hujatia sahihi orodha ya watoto wa Januari, mwite matroni na askari wa usiku mwende bwenini saa mbili za usiku, taa zikiwa zimezimwa. Simameni kwenye kitanda cha katikati. Mtafute mlango kwa kupapasa. Kisha rudi ofisini uhesabu upya, na safari hii wawepo ukihesabu.

Matawi ya Nyeri, Karatina, Othaya, Mukurweini, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru yafanye kazi hii kabla ya shule kufunguliwa. Kila mwanachama afanyaye kazi katika shule ya bweni apime kwa kamba nafasi iliyo kati ya vitanda na upana wa njia, ahesabu milango ifungukayo kwa nje, atazame madirisha. Hesabu iletwe kwa katibu wa tawi pamoja na idadi ya watoto waliolala humo muhula uliopita, idadi ambayo nyumba ilijengewa, na mahali ufunguo unapowekwa usiku. Tawi litaandika barua kwa halmashauri ya shule, na ndani yake litaomba kiti kimoja cha mfanya kazi katika kikao kitakachojadili jibu.